Shajara ya mradi: kuchora mafuriko kwenye bonde lisilo na kipimo cha mto

Wiki ya 1

Kazi imeanza. Bonde letu lina kilomita za mraba 64. Mto mkuu una urefu wa kilomita 14 kutoka vilimani hadi unapoingia kwenye mto mkubwa, na katika urefu huo wote hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu amewahi kusoma kina cha maji akakiandika. Kipimo kilicho karibu kipo huko chini, kwenye mto mkubwa wenye bonde mara 30 ya hili. Mto ule hupanda kwa siku mbili na kushuka kwa wiki nzima. Wa kwetu hupanda mvua ikiwa bado inanyesha, na kesho yake asubuhi watoto wanavuka kwa miguu. Kuchukua takwimu za ule na kuzigawa kwa 30 ni kujidanganya, na nimekataa tangu siku ya kwanza.

Mwenye kipimo chenye kumbukumbu za miaka 30 njia yake imenyooka. Anachukua kilele cha kila mwaka, anavipanga kwa ukubwa, anachora mstari wa uwezekano, kisha anasoma mafuriko ya kiwango fulani yana mita ngapi za ujazo kwa sekunde. Sisi hatuna hata nukta moja ya kuanzia. Tatizo hili ni la dunia nzima, ndiyo maana jumuiya ya kimataifa ya wanahaidrolojia, IAHS, ililitengea muongo mzima, 2003 hadi 2012, kutafuta namna ya kutabiri kwenye mabonde yasiyopimwa.

Mpango wetu: kupata umbo la ardhi kutoka setilaiti, kupata mvua, kugeuza mvua kuwa maji ya mto, kuyamwaga maji hayo juu ya ardhi ndani ya kompyuta, kisha kwenda kuwauliza walioyaona kama ndivyo yalivyopita. Nimeshaona ramani zilizoiacha hatua hiyo ya mwisho. Zilikuwa nzuri kwa macho, lakini wenyeji walizikataa kwa dakika tano.

Wiki ya 2

Ardhi. Ramani za mwinuko za bure zipo, na kila moja ina historia yake. SRTM ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, kwa siku 11 tu za Februari 2000. Ile ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, yenye piseli (vipande vya mraba vya ramani) za mita 30 imetokana na setilaiti mbili za rada za Ujerumani zilizoruka bega kwa bega, na vipimo vyake ni vya miaka ya 2011 hadi 2015. Tumeanza na hii ya pili.

Rada hupima kile inachokigonga kwanza, yaani matawi ya juu ya miti na mapaa ya nyumba. Kando ya mto wetu kuna ukanda wa miti mirefu, pande zote mbili. Kwenye ramani ukanda ule umegeuka ukuta wenye urefu wa mita 8 hadi 12, na mto wenyewe, ulio mwembamba, umepotelea katikati yake. Nilipoiambia programu itafute njia ya maji, ilichora mto ukipita mashambani, mita 200 pembeni ya ulipo, kwa sababu huko ndiko kuliko chini ya vilele vya miti. Kwa dakika kumi nilidhani nimefungua faili la bonde jingine.

Tumehamia FABDEM, toleo la 2022 ambamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliiondoa miti na majengo kwenye ramani ya Copernicus kwa kuifundisha kompyuta. Ukuta umeshuka sana, ingawa haujaisha. Kilichobaki tumekimaliza kwa mkono: nimechora mstari wa mto juu ya picha ya setilaiti, kisha nikaishusha ardhi ya ramani kwa mita kadhaa kufuata mstari huo ili maji yakubali kupita.

Siku tatu nzima zimeishia kwenye tuta la barabara. Barabara inakata bonde kwa upana wake, na chini yake yamepita makalavati manne na daraja moja. Setilaiti haioni tundu lililo chini ya barabara. Inaona tuta tu, zima, kama bwawa. Programu za haidrolojia kwa kawaida hujaza kila shimo ili maji yapate pa kutokea, basi ikajaza bonde lote nyuma ya tuta na kunipa ziwa lenye urefu wa kilomita 2. Anayejua eneo atacheka. Asiyelijua atalichapisha ziwa hilo kama eneo la hatari. Nimelikata tuta kwenye ramani penye daraja na penye makalavati matatu. La nne sikuliona kwenye picha kwa sababu limefunikwa na vichaka. Nilikuja kulijua baadaye, na ndilo lililokuwa na maneno.

Wiki ya 3

HAND imekamilika. Kwa asiyeifahamu: kwa kila piseli unauliza maji yakianguka hapa yatafika kwenye mkondo upi, kisha unapima piseli hiyo iko juu ya mkondo huo kwa mita ngapi. Watafiti wa Brazili waliibuni wakifanya kazi Amazon, na maandishi yao ya kwanza yalitoka 2008. Haihitaji mvua wala mtiririko, inahitaji ardhi tu, na ndiyo maana ni rafiki wa mabonde kama letu.

Ramani inapendeza. Maeneo yaliyo chini ya mita 2 juu ya mkondo yanajitokeza kama viganja vilivyofunguliwa. Ila HAND inasema pako chini, haisemi maji yatafika huko mara ngapi, wala kwa kina gani. Nimeiweka kama ramani ya kwanza ya kuuliza maswali, basi.

Wiki ya 4 na 5

Mvua imenichosha kuliko nilivyotarajia.

Zipo takwimu za bure za mvua zinazokadiriwa kwa setilaiti, nami nimejaribu mbili. CHIRPS inatoa mvua ya kila siku tangu 1981, na piseli yake ina upana wa kilomita 5 na nusu hivi. Bonde letu linaingia kwenye piseli mbili au tatu. IMERG inatoa kila nusu saa, jambo ambalo kwa mto wenye haraka kama wetu lingekuwa neema, lakini piseli yake ina upana wa kilomita 11, yaani zaidi ya kilomita za mraba 120. Bonde letu zima ni nusu ya piseli moja! Mawingu ya radi yanayotuletea mafuriko yana upana wa kilomita chache. Wingu linaweza kumwaga milimita 100 juu ya vilima vyetu huku nusu nyingine ya piseli ikiwa kavu, na setilaiti ikaandika 50. Wastani huo ni sahihi kwa piseli, na ni hatari kwa watu wanaoishi kando ya mto.

Bahati yetu ni kwamba ndani ya bonde kuna kipimo kimoja cha mvua cha mkono, kikombe na mrija wa kioo, ambacho mwangalizi wake amekisoma kila siku saa 3 asubuhi kwa miaka 26. Madaftari yote yapo. Tulikaa siku mbili tukiyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kuna miezi ambayo wino umekwajuka, kuna ukurasa uliolowa, lakini mwandiko ni uleule kuanzia daftari la kwanza hadi la mwisho, na siku ya mvua kubwa namba imepigiwa mstari mara mbili. Nilishika yale madaftari kwa heshima. Mtu huyu ametuachia kitu ambacho hakuna setilaiti iliyotupa.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kumbukumbu za namna hii: mvua iliyoanza saa 11 alfajiri na kuisha saa 5 asubuhi inagawanyika kwenye siku mbili za daftari, kwa sababu kikombe humwagwa saa 3. Ndiyo maana kilele cha saa 24 za saa iliyopangwa huwa kidogo kuliko kilele cha saa 24 zozote, na kawaida ya siku nyingi ni kukiongezea takriban asilimia 13. Tumeongeza.

Nimepanga vilele vya miaka 26 na kuvipitishia mkunjo wa Gumbel, kanuni ya kukadiria uwezekano wa vilele vikubwa. Tumekubaliana tusivuke mvua ya miaka 50, yaani ile yenye uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka. Programu itakupa ya miaka 100, hata ya miaka 1,000, ukiiomba. Haitakuonya kwamba miaka 26 haiwezi kubeba mzigo huo.

Wiki ya 6

Sasa mvua iwe mto. Tunatumia njia ya CN iliyotoka kwenye idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani miaka ya 1950. Ni namba moja kati ya 0 na 100 inayobeba udongo, mimea na unyevu uliotangulia. Namba ikiwa kubwa, ardhi inanywa kidogo na mto unapata mengi.

Nataka hesabu yake ionekane hapa, kwa sababu ndipo penye udhaifu wetu mkubwa. Chukua mvua ya milimita 100. Kwa CN ya 75, ardhi ina uwezo wa kushika milimita 84.7, maji yanayotiririka ni milimita 41. Kwa CN ya 85, uwezo wa kushika unashuka hadi 44.8, na yanayotiririka ni milimita 61. Mvua ni ileile na bonde ni lilelile, lakini tofauti ni ya nusu nzima. Tena 75 na 85 zote zinatetewa: ya kwanza ni udongo wetu ukiwa na unyevu wa kawaida, ya pili ni udongo uleule baada ya wiki ya manyunyu.

Kisha kuna muda. Kanuni ya Kirpich ya 1940, kwa mto wa kilomita 14 wenye mteremko wa asilimia 2, inasema maji ya mbali kabisa yatafika kwa saa 2.3. Lakini Kirpich aliitoa kwenye mabonde ya mashamba ya Tennessee yenye ukubwa wa ekari 1 hadi 112. Sisi tuna maelfu ya ekari. Nimeijaribu pia kwa muda uliozidishwa mara mbili.

Nikiichukulia mvua hiyo kama imenyesha kwa saa 6 sawasawa, kilele cha chini kabisa kinatoka mita za ujazo 95 kwa sekunde, CN ndogo na maji ya polepole. Cha juu kabisa ni 186. Nimeandika namba zote mbili kwa kalamu nyekundu ubaoni. Mwenzangu aliniuliza tuchukue ipi. Nilimjibu tusichukue yoyote mpaka tutoke nje.

Wiki ya 7

Hii ndiyo wiki niliyoingojea.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba kutoka darajani kwenda juu, tukiuliza swali moja: mafuriko ya miaka sita iliyopita yalifika wapi? Tumejifunza kutouliza "kina kilikuwa mita ngapi". Mtu aliyekuwa anabeba watoto gizani hakushika futi kamba. Muulize maji yalifika wapi mwilini mwake, alisimama wapi, kitanda kilielea au hakikuelea, na utapata jibu la sentimita.

Bibi mmoja alitupokea nyuma ya nyumba yake, upande usioelekea mto. Kwenye ukuta, chini ya dirisha, palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, mwembamba kama uzi, umenyooka kabisa. Ulipita juu ya plasta, ukakatika penye fremu ya mlango, ukaendelea upande wa pili kwa kimo kilekile. Chini yake plasta ilikuwa imevimba na kumenyeka. Nikainama kuupima huku nikimwambia kwamba kwenye ramani yetu maji yalitoka mtoni, yakapanda mbele ya nyumba.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbele hayakupita. Mbele palikuwa pakavu mpaka usiku wa manane. Maji yalinijia mgongoni."

"Mgongoni kutoka wapi, bibi?"

Akanishika mkono, akanipeleka hatua arobaini nyuma ya nyumba, kwenye bonde dogo la majani ambalo mimi nilikuwa nimelipita bila kulitazama. Mto wa zamani, alisema, ulipita hapo wakati yeye ni msichana. Sasa umejaa udongo, lakini maji yanaikumbuka njia. Tukaufuata ule mkondo uliokufa mpaka kwenye tuta la barabara, na hapo, ndani ya vichaka, lilikuwepo kalavati la nne. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na magogo na matope zaidi ya nusu. Maji yaliposhindwa kupita, yaligeuka na kufuata mkondo wa zamani hadi kwenye ukuta wa bibi.

HAND haikuona hilo. Wala isingeweza, kwa sababu ilikuwa inapima kutoka mto wa leo.

Basi tukapima alama. Tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye maji, ule wa mafundi ujenzi: mmoja anashika ncha kwenye alama, mwingine anasogea na ncha ya pili mpaka kwenye mti wenye alama inayofuata, maji yanatulia usawa mmoja pande zote mbili, unapiga chaki. Ni kazi ya polepole lakini usahihi wake ni wa sentimita, wakati simu zetu za GPS hukosea kimo kwa mita kadhaa. Siku nzima tulipata alama 9 zinazoaminika. Mbili tulizitupa: moja ilikuwa ya unyevu unaopanda kutoka msingini, nyingine mwenye nyumba mwenyewe alisita kama ni ya mwaka ule.

Mahali pazuri palikuwa kipande cha mto kilichonyooka, urefu wa mita 300, chenye alama juu na chini. Maji yalishuka sentimita 90 katika mita hizo 300, yaani mteremko wa 0.003. Upana ulikuwa mita 22, kina cha wastani mita 2.6. Kwa kanuni ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kutokana na mteremko, umbo la mto na ukinzani wa kitanda chake, ukiuchukulia mto kuwa msafi kiasi, ukinzani wa 0.035, maji yalipita kwa mita 2.57 kwa sekunde na mtiririko ulikuwa kama mita za ujazo 147 kwa sekunde. Ukiuchukulia una vichaka na mawe, 0.05, unapata 103. Na kama tumesoma alama moja vibaya kwa sentimita 10, jibu linahama kwa asilimia 6 hivi. Kosa la kukadiria vichaka ni baya zaidi kuliko la kusoma alama, kwa hiyo tulipiga picha kila mita 50 na kubishana juu ya kila picha.

Jioni nilifungua daftari la mvua la siku ile. Namba ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili: 98. Karibu sawa na zile 100 nilizozifanyia hesabu. Mvua ilikuwa imenipa 95 hadi 186. Kuta za nyumba zimenipa 103 hadi 147. Njia mbili zisizojuana zimekutana katikati. Sikuweza kulala mapema usiku ule.

Jambo moja linabaki kuniwasha. Mto wa mchanga huchimba kitanda chake maji yakiwa makali, kisha hukijaza tena yakishuka. Sehemu tuliyoipima wiki hii huenda ni ndogo kuliko iliyokuwepo saa ya kilele, na hapo mtiririko wa kweli ungekuwa mkubwa kuliko hesabu yetu. Kwa sababu hiyo sijaufunga mlango wa juu: tunafanya kazi na 100 hadi 165.

Wiki ya 8

Fupi. Tumepitia picha za rada za Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014. Rada huona kupitia mawingu, na maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu huakisi miale mbali na setilaiti. Kwa mito mikubwa ni hazina. Kwetu, setilaiti moja hupita mahali palepale kila baada ya siku 12, na mafuriko yetu hukaa saa 8. Picha iliyo karibu na usiku ule ni ya siku 5 baadaye: madimbwi mawili tu. Kuna mtu atakayetazama picha hiyo na kusema hapakuwa na mafuriko. Mstari kwenye ukuta wa bibi unasema vingine.

Yale madimbwi mawili tumeyatumia hata hivyo. Yako kwenye mkondo wa zamani.

Wiki ya 9 na 10

Modeli ya pande mbili, yaani inayoyafuata maji kwa urefu na kwa upana wa bonde, inakwenda. Tunamwaga mvua moja kwa moja juu ya ardhi yote na kuiacha ijitafutie njia, kwa sababu bonde hili limetuonyesha kwamba hatujui maji yataanzia wapi kutoka nje ya mto.

Kizuizi cha kwanza: mto wenye upana wa mita 22 hauingii kwenye piseli ya mita 30. Kwa ramani ya setilaiti peke yake mto wetu haupo. Tulirudi bondeni, tukapima sehemu 13 za mto kwa ufito na kamba, tukazipachika kwenye modeli. Tofauti ilionekana papo hapo. Kabla ya hapo, hata mvua ndogo ya kila mwaka ilifurika mashamba yote.

Kizuizi cha pili hakina dawa, kina uungwana tu. Ramani ya mwinuko iliyosafishwa vizuri bado inakosea kwa mita moja hadi mbili hapa na pale, tena zaidi chini ya miti. Modeli inanipa kina cha maji kwa milimita. Sina haki ya kuichapisha milimita hiyo, wala hata nusu mita.

Kwa hiyo tumeacha kutafuta jibu moja. Tumechukua viwango vitano vya mtiririko ndani ya 100 hadi 165, viwango vitatu vya ukinzani, matoleo mawili ya ardhi, na hali mbili za makalavati, yaliyo wazi na yaliyoziba nusu. Hiyo ni mizunguko 60. Kwa kila piseli tunahesabu maji yalifika mara ngapi kati ya 60. Palipofika mara zote 60, tuna uhakika wa kumwambia mtu asijenge. Palipofika mara 30, hatuna uhakika huo, na ramani itasema hivyo.

Kompyuta ilifanya kazi siku nne mfululizo. Mkondo wa zamani unalowa katika mizunguko 28, na 27 kati ya hiyo ni ya makalavati yaliyoziba. Nikaangalia rangi hiyo kwa muda mrefu. Hatari ya nyumba ya bibi haitokani na ukubwa wa mvua peke yake. Inatokana na magogo kwenye mdomo wa kalavati. Siku mbili za watu kumi wenye majembe na misumeno zingebadilisha rangi ya kitongoji kizima. Nimeandika barua kwa wenye barabara, nikaambatanisha picha ya mdomo ule.

Wiki ya 11

Mkutano na ofisi itakayotumia ramani. Walitaka mstari mmoja: ndani hatari, nje salama. Ninaelewa kwa nini. Afisa wa ujenzi anayesimama mbele ya mwombaji wa kiwanja anahitaji jibu la ndiyo au hapana, na mstari humlinda.

Nilikataa, na nilieleza kwa mfano wa nyumba mbili zilizo pande mbili za mstari huo, mita tatu kutoka moja hadi nyingine. Ramani ya piseli za mita 30 haina uwezo wa kuzitenganisha nyumba hizo. Tukichora mstari kati yao, familia moja italala bila wasiwasi kwa sababu ya unene wa kalamu yangu. Sikubali kubeba hilo.

Tulibishana saa mbili. Tumetoka na mikanda mitatu: maji yalifika katika mizunguko 50 au zaidi, kati ya 10 na 49, na chini ya 10. Mkanda wa kati utakuwa na sharti moja lililo wazi: kabla ya kujenga, mtu aje apime kimo cha kiwanja kwa mpira wa maji au kifaa cha wapimaji. Wamekubali. Huo mkanda wa kati, ambao wenzangu wengine waliuona kama aibu ya mradi, kwangu ndio sehemu yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu unaonyesha hasa pale ambapo kipimo cha nusu siku kitamsaidia mtu.

Tulibishana pia juu ya jina. Mafuriko "ya miaka 25" yanasikika kama ahadi kwamba yakija leo hayarudi hadi miaka 25 ipite. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 4 kila mwaka, mwaka huu, na mwakani, hata kama mwaka huu yalikuja. Kwa mtu atakayekaa kwenye nyumba yake miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 71. Namba hiyo ya 71 ndiyo tutakayoiandika pembeni ya ramani.

Wiki ya 12

Ramani imebandikwa ukutani, wenyeji wameizunguka. Bibi alikuja na fimbo yake, akatafuta nyumba yake kwa kidole kuanzia darajani, akaipata bila msaada. Akauliza rangi ya nyuma ya nyumba maana yake nini. Nilimweleza habari ya kalavati. "Basi lisafisheni," akasema, akaenda kukaa. Barua yangu bado haijajibiwa.

Mwangalizi wa mvua amekubali kazi ya pili. Tumefunga ufito wa kupimia kwenye nguzo ya daraja, sufuri yake chini ya kiwango cha maji ya kiangazi. Atausoma asubuhi na jioni. Lakini kilele chetu huja usiku, kwa hiyo tumefunga pia bomba la kilele: bomba la chuma lililosimama wima, limetobolewa chini, ndani yake pana ufito wa mbao na kiganja cha unga wa vizibo vya chupa vilivyosagwa. Maji yakipanda ndani ya bomba, unga unaelea nayo. Yakishuka, unga unabaki umeshika kwenye mbao pale maji yalipofika. Halihitaji betri wala mtu wa kukesha.

Juzi usiku ilinyesha, milimita 37 kwa kikombe cha mkono. Nilituma mvua hiyo kwenye modeli kabla ya kwenda darajani, nikaandika jibu lake kwenye daftari: kati ya sentimita 80 na 130 juu ya sufuri. Asubuhi tulifungua kifuniko cha bomba, tukavuta ule ufito wa mbao taratibu. Unga ulikuwa umeshika kwenye mbao kama pete ya kijivu, ukingo wake wa juu mkali. Mwangalizi aliweka futi kamba, akasoma, akanipa na mimi nisome.

Sentimita 94. Ameiandika kwa mwandiko wake uleule, akaipigia mstari mara moja.